Mashine Haimjui Baba

Nilipoisikia redioni ile habari ya kuweka kidole, niliifurahia. Walisema kuna hospitali zilizokuwa zikidai pesa za bima kwa wagonjwa hewa, wengine wamezikwa zamani, na kwamba sasa kila mgonjwa wa figo ataweka kidole kwenye mashine kila anapokwenda kusafishwa damu. Nikamwambia baba, afadhali, wezi wakome. Alikuwa amekaa kwenye kibanda chake hapa Wamunyu, akimsugua twiga wa mti kwa msasa. Akaendelea kusugua.

Baba ni mchongaji. Miaka mingi alikuwa mtu wa tezo na patasi, na sisi watoto wake ndio tuliosugua. Tangu figo zake zife, nguvu za kushika tezo hazipo. Wenzake wa kikundi wanachonga, kisha wanamletea yeye amalizie, msasa wa makwaruzo kwanza, halafu ule laini, hadi mti uteleze kama sabuni. Ndiyo kazi pekee iliyomsalia, na sijaona mtu anayemshinda.

Mambo yalianza na presha ambayo hakuna aliyeipima. Mgongo ukimuuma alimeza dawa za maumivu za dukani, kila siku, kama wachongaji wengine wote, akainama tena. Wahudumu wa afya wa kijiji walipoanza kupita nyumba kwa nyumba na kipimo cha presha, miguu yake ilikuwa imeshavimba. Kile kipimo ni kitambaa na pampu tu. Hata leo nikikiona napandwa na hasira, maana kingefika miaka michache mapema, nisingeijua njia ya kwenda kitengo cha figo Machakos.

Tunakwenda Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi ile mambo ya vidole yalipoanza, muuguzi alikuwa na kisanduku kidogo chenye kioo na taa.

"Mzee, weka kidole gumba."

Taa ikawa nyekundu. Akamwambia apanguse, aweke tena. Nyekundu. Gumba la pili, nyekundu. Muuguzi akaushika mkono wa baba, akaugeuzia dirishani, akapapasa ncha za vidole.

"Mzee hufanya kazi gani?"

"Mchongaji," nikasema.

"Basi ni hiyo. Asubuhi nilikuwa na mama wa kugonga kokoto, yeye pia ilikataa."

Akanieleza utaratibu. Kuna fomu, inajazwa, inatumwa Nairobi, jibu linarudi baada ya siku kadhaa. Bila jibu bima hailipi, na sisi hatukuwa na kitu mfukoni. Nikamuuliza kama fomu hiyo imeziomba figo za baba zisubiri. Sikuuliza kwa adabu, nakiri. Alinitazama kwa uchovu.

"Madam, mimi sio niliandika hiyo sheria. Nikiweka yeye kwa mashine bila kidole, itaonekana nimeandika mgonjwa hewa."

Akaniambia nimpake mafuta, nimzuie kushika msasa, kwamba alama za vidole hurudi polepole ngozi ikipumzika. Tukarudi Wamunyu bila kusafishwa.

Mtu wa figo akiikosa siku yake, maji mwilini hayana pa kutokea. Ijumaa vifundo vya miguu vilikuwa vimejaa. Jumamosi nilibonyeza mguu wake na shimo likabaki pale pale, nikajifanya sikuliona. Nilimpimia maji kwa kikombe cha chai na chumvi nikaifungia kabatini. Jumapili hakwenda kanisani, maana kutoka mlangoni hadi barabarani tu pumzi zilimwishia. Nilikuwa jikoni nikimsikiliza akihema. Akinyamaza kidogo, naacha sufuria motoni naenda kuchungulia.

"Bado niko," ananiambia.

Na katikati ya hayo yote, asubuhi, mchana na jioni, nilimpaka mafuta mikono. Nilikuwa nawafikiria wale waliokaa mezani wakatunga utaratibu ule. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Walitaka kuwakamata wezi, na wezi walikuwepo kweli. Nadhani kila mmoja alitazama mikono yake mwenyewe akaona inatosha. Niliwaelewa, na bado niliwachukia.

Jumatatu fomu ilikuwa haijajibiwa. Muuguzi alikuwa yule yule, na safari hii alitusogezea kiti kabla hatujamwomba. Alianza na magumba, akaenda kidole kimoja baada ya kingine, akipangusa kila kimoja kwa pamba. Nyekundu. Baba alikuwa anahema kwa mdomo. Mkono wa kulia uliisha, tukaingia wa kushoto. Mimi nilikuwa nimebana kitambulisho chake mkononi hadi kikapinda. Niliogopa vibaya sana, tena niliona aibu kwamba naogopa kisanduku kisichozidi kipande cha sabuni.

Kidole cha mwisho kabisa, kile kidogo cha mkono wa kushoto, taa ikawa kijani.

Nilijua sababu papo hapo. Baba akisugua, kidole hicho hubaki nje, hakigusi mti. Muuguzi alikishika kama anayemsalimia mtoto mchanga.

"Ni hii. Mzee, hii chunga sana."

Nililia mbele ya watu, na baba akaunganishwa kwenye mashine.

Kuanzia hapo nikawa askari wa kidole kimoja. Nilikikagua asubuhi kabla sijaenda shuleni ninakofundisha. Nilimkataza kushika panga, kuchochea moto, kukata miiba ya uani. Nilikusanya msasa wote kibandani, hata vipande, nikauficha. Wenzake nikawaambia wasimletee kazi, ili vile vidole tisa virudishe alama zake. Fomu yetu haijajibiwa mpaka leo. Kila Jumatatu na Alhamisi siondoi jicho kwenye taa hadi nione kijani, na njiani kurudi nimeshaanza kuiogopa siku nyingine. Mkwaruzo mmoja tu, nilijiambia, jiko moja la moto.

Baba alitii. Alikaa kwenye kiti nje ya nyumba, mikono juu ya magoti, inang'aa mafuta. Wachongaji walipita na twiga zao mabegani, wakamsalimia, wakaenda kumpa mtu mwingine amalizie. Aliacha kunisimulia mambo. Chakula alikula nusu, akasukuma sahani. Nikasema moyoni kuwa ni ugonjwa.

Jumatano moja nilitoka shuleni mapema nikakuta kiti kitupu. Nilikimbia hadi kibandani na begi la vitabu mgongoni. Alikuwa ndani, twiga amembana kati ya magoti, msasa mkononi, sijui aliupata wapi. Kidole kile kidogo alikuwa amekizungushia kitambaa mara nyingi, kinene kama bunzi la mahindi, na amekiinua mbali na mti. Vile vingine tisa vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Nikashika nguzo.

"Baba, kesho ni Alhamisi. Ikikataa je?"

Hakuacha kusugua. Baba huniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na hulitumia akitaka nimsikilize.

"Mwaitu," akasema, "hii ni ya hospitali, nimewaachia. Hizi tisa ni zangu."