Maiti Halii

Mashudu ya alizeti yakitoka mashineni yangali moto, harufu yake hunirudisha kwetu, kwenye punda na kamba.

Mwalimu alikuwa ametusomea habari za vita vya Wagiriki wa kale. Shujaa mmoja alimuua adui yake, akamfunga miguu nyuma ya gari la farasi na kumburuza mbele ya mji, wazazi wa marehemu wakitazama. Punda alikuwa wa kwetu, kwa hiyo shujaa nikawa mimi. Binti wa jirani akakubali kuwa maiti. Nikamfunga miguu nyuma ya punda kwa kamba ya kutekea maji.

“Nikiumia nikwambie?” aliuliza.

“Maiti halii.”

Punda alitembea polepole mpaka mashine ya alizeti ilipowashwa. Akashtuka, akakimbilia shamba lililovunwa mtama, lenye visiki vikali. Nilimfuata nikicheka. Rafiki yangu hakutoa sauti yoyote, nami nikaona anaigiza vizuri.

Baba yake ndiye aliyemzuia punda. Alifungua fundo kwa meno, akambeba mwanawe. Binti alikuwa anapumua, midomo ameing’ata mpaka inatoka damu.

“Shikamoo, baba,” nikasema.

Mzee yule aliyeitikia hata watoto wa kubebwa mgongoni alinipita kimya.

Kitabuni, baba wa marehemu alimwendea shujaa hemani kwake kuomba maiti ya mwanawe, wakalia pamoja. Nilikaa mlangoni kwetu nikimsubiri mpaka nikaitwa kula. Hakuja.