Chuma ya Mnara wa Stima

Kaa hapa kwa benchi nikuambie kitu niliona huko mtaani Kamwokya.

Nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea, Mkenya mmoja, ananitengenezea stendi ya pikipiki. Ng'ambo ya barabara watu wa serikali walikuwa wanafunga transfoma mpya, ile mtaa mzima tumengoja. Jamaa wa boda akashusha vyuma vitatu virefu, anauza bei ya chini kabisa.

Fundi akapitisha kidole kwa matundu ya bolti, halafu kwa namba iliyogongwa. "Ndugu, hii ni mguu ya mnara wa stima."

"Chuma ni chuma, bosi."

"Wale wanatuletea stima, wewe unaangusha mahali inapitia?"

Jamaa akawasha boda akapotea. Vyuma akaacha.

Sasa hapo ndio balaa, maana anayepatikana na chuma ya mnara ndiye analala selo ya polisi. Nikamwambia fundi, "Katakata haraka, zisijulikane." Akaokota vile vyuma. Akaziweka begani, akavuka barabara watu wote wanaangalia.

Mkubwa wa wale watu wa serikali akauliza, "Umetoa wapi?"

"Mtu ameziacha kwangu. Ukitaka unifunge, lakini kwanza zirudi kwa mnara."

Yule mkubwa akavua helmeti, akamtazama mpaka mimi nikaogopa. Halafu akashika upande mmoja wa vyuma. "Tupakie kwa gari, kaka. Kesho uje na mashine yako ya kuchomelea, hii transfoma inataka uzio."

Mimi serikali nimezoea kuiona ikitufukuza. Siku hiyo niliiona inabeba mzigo na sisi. Wewe ungevuka hiyo barabara?