Ameiba makala yangu pamoja na nyanyangu

Leo nimelipiza, na roho yangu imetulia tuli.

Salim wa Ganjoni amebandika makala yangu kwenye kundi letu la waandishi wa programu, akaweka jina lake. Ile ya jinsi kompyuta inavyojifunza kwa mifano.

Neno kwa neno! Hata pale nilipomtaja nyanyangu wa Mji wa Kale, anayejua unga wa mahamri umeumuka kwa kuubonyeza kwa kidole tu, kwa kuwa ameukanda miaka na miaka.

Watu wakammiminia sifa. Akajibu, "Shukran, nyanyangu ndiye mwalimu wangu."

Sikubishana. Nimempa nyanya simu, akarekodi sauti, nikaituma kundini:

"Asalaam aleikum, Salim. Naambiwa mimi ni nyanyako. Babako ni yupi katika wanangu? Njoo unikandie unga."

Salim ametoka kundini.

Nyanya anauliza atafika saa ngapi. Nimjibuje?