Dawa Tuliyokunywa Mimi na Doto

Akina mama wenzangu, mmeniita nisimame mbele yenu nieleze nilivyougua ini nikapona. Nitaeleza. Ila vigelegele vyenu viwekeni kwanza, maana mimi nilipona na mwingine hakupona, na siwezi kusema la kwangu nikaliacha lake.

Mimi naitwa Kulwa. Kwa jina hilo tu mmeshajua kwamba kulikuwa na Doto. Tulizaliwa siku moja, mimi nikatangulia, yeye akafuata, na tangu hapo mimi nikawa msemaji, yeye mcheka. Nilikuwa na mdomo, jamani! Kwenye kituo cha kununulia pamba makarani wakiniona tu walikuwa wanaguna. Doto anasimama nyuma yangu, mkono umeziba mdomo, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mimi niliolewa, nikapata binti mmoja, Limi. Doto alikuwa bado kwa mama, posa yake imeshaletwa. Tuliishi kijiji kimoja kule Bukombe, nyumba zetu mstari mmoja, kama tulivyopangwa tulipohamishiwa vijijini.

Ugonjwa ulinianza wakati wa palizi, mwaka ule vijana waliporudi kutoka vitani Uganda. Kwanza uchovu. Nikipiga jembe mara kumi nakaa chini. Halafu chakula kikanichukiza, harufu ya mafuta ya pamba tu inanitapisha. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama majivu. Mwili uliniwasha nikawa najikuna kwa gunzi la mahindi. Sikumwambia mtu, nikidhani ni mimba.

Doto ndiye aliyeniona. Tulikuwa kisimani, jua limetuelekea usoni, akaacha ndoo ikaanguka.

"Kulwa, macho yako! Manjano!"

"Yako je?" nikamwuliza. Nilikuwa hata sijui kuogopa.

Mama alikwenda kwa mfumu, mganga wetu, jioni ileile, akarudi na mizizi. Aliichemsha mpaka maji yakawa meusi. Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penyewe. Kwetu mapacha wakipewa kitu hupewa wote. Kanga ni mbili, kuku ni wawili, akinyolewa mmoja na mwenzake ananyolewa. Na dawa vilevile. Mgonjwa akinywa, pacha wake mzima naye anakunywa kipimo kilekile, la sivyo ugonjwa unamhamia. Mama alichota kata moja akanipa, akachota ya pili akampa Doto. Ilikuwa chungu ajabu. Doto alikunja uso, akaniambia, "Shemeji yako akinikuta nanuka hivi atadai ng'ombe wake." Tulicheka, nikiwa mgonjwa hivyo hivyo.

Baada ya siku nne nilikuwa sisimami. Mume wangu, Baba Limi, akanipakia kwenye lori la pamba akanipeleka hospitali ya misheni. Mama hakufurahi, lakini hakumzuia.

Daktari alikuwa Sista mmoja, Mzungu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alinibonyeza chini ya mbavu za kulia nikapiga kelele. Akasema, "Ini limevimba. Nitatoa damu tujue limeumia kiasi gani." Alivuta damu mkononi akaijaza kwenye kichupa. Pale hospitalini hawakuwa na vifaa vya kupima ini, kwa hiyo vichupa vilifungwa kwenye sanduku la barafu, vikasafiri kwa gari la misheni kupitia Geita, vikavuka kivuko cha Busisi mpaka Mwanza. Majibu yalirudi kwa karatasi baada ya siku kadhaa. Sista aliyachora kwenye ubao uliotundikwa miguuni pa kitanda changu, mstari wa penseli, ili hata sisi wa elimu ya watu wazima tuelewe. Mstari ukipanda, ini linaumia. Ukishuka, linapona. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa juu.

"Mama Limi," akaniuliza, "umekunywa dawa yoyote ya kienyeji?"

"Hapana, Sista. Uji tu."

Kwa nini nilidanganya? Niliona haya. Na niliona nikisema, nitakuwa nimemsema mama yangu mbele ya Mzungu.

Nililala pale wiki mbili nikinywa uji na maji ya sukari, na sukari yenyewe mwaka ule ilikuwa ya foleni. Damu ikatolewa tena. Mstari ukashuka. Sista alitabasamu, akaniambia ini lina tabia ya kujiponya lenyewe likiachwa lipumzike. Nilianza kuuliza habari za pamba yangu.

Alhamisi iliyofuata Doto akaja, na kikapu cha michembe, viazi vikavu, kichwani. Chini ya michembe kulikuwa na kibuyu. Tulikwenda nyuma ya jiko la wauguzaji, tukageukia ukuta. Yeye kata moja, mimi kata moja.

"Mama kasema usiache mpaka macho yawe meupe," akanong'ona.

Alhamisi nyingine akaja tena. Kata moja, kata moja. Na kipimo kilichofuata kilipanda kuliko kile cha kwanza.

Sista alikaa kitandani kwangu, penseli mkononi. Hakukasirika. Alisema taratibu, "Ulipokuwa huna wageni damu yako ilishuka. Wageni wamekuja, imepanda. Unakunywa nini, mama?"

Doto alikuwepo, kaja tena na kikapu chake. Alikuwa amekaa pembeni, anamenya kiazi. Aliinua macho akanitazama, anangoja mimi msemaji niseme. Ningesema pale pale yote yangeisha.

"Sinywi kitu, Sista," nikasema.

Doto akainama akaendelea na kiazi chake.

Wiki ile niliharibika. Nilitapika damu. Usiku naona mchana, mchana naona usiku. Baba Limi alimleta mtoto nimwone, nikauliza huyu ni binti wa nani. Padri aliitwa akanipaka mafuta. Alhamisi Doto alikuja na kibuyu akanikuta sijitambui, dawa hainipiti kooni. Haya niliambiwa baadaye na mama mmoja aliyekuwa akimuuguza jirani yangu. Alisema, "Pacha wako alikunywa ya kwake. Halafu akakaa na ile kata yako muda mrefu. Halafu akainywa na yenyewe." Dawa ya pacha haimwagwi. Na nadhani alifikiri, kwa kuwa mimi siwezi, aninywee.

Basi mimi niliyeikosa nikaanza kuzinduka. Siku ya tano nilimwita Limi kwa jina lake. Mstari ukaanza kushuka. Alhamisi ikafika nikawa namtazamia Doto mlangoni, nimejiandaa kumwambia jamani dawa hii basi. Hakuja. Alikuja Baba Limi, kofia mkononi.

"Doto amekuwa manjano," akasema. "Anatapika tangu Jumapili. Mama anampa dawa asubuhi na jioni."

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilitoka kitandani, nikatembea kwa kushika ukuta mpaka chumba cha Sista, nikapiga magoti. Nikasema yote. Mizizi, kibuyu, michembe, kata moja kata moja. Sista hakuniuliza kwa nini nilificha. Alichukua funguo za gari.

Walimleta jioni. Alikuwa analala, akiamshwa anasema maneno yasiyoungana. Aliniita mimi Mama. Nilimshika mkono wakati wanamtoa damu, nikaona Sista anaandika DOTO kwenye kichupa. Kichupa kikapelekwa Mwanza. Doto alikufa siku ya pili, kabla kile kichupa hakijavuka maji.

Majibu yalirudi tumeshamzika. Sista alinionyesha kwa sababu nilimwomba. Namba zake zilipita zote zilizowahi kuandikwa kwenye ubao wangu. Nilimwuliza, "Ni dawa iliyomwua?" Akanijibu kwa ukweli, "Huenda alikuwa na ugonjwa kama wako pia. Lakini ini gonjwa lilihitaji kupumzika, na halikupumzishwa." Hata mimi ini lilikuwa gonjwa na dawa ilikuwa hiyohiyo, ila mimi nilikuwa nimelazwa mahali pa kuulizwa. Yeye hakuna aliyemuuliza.

Msibani mama alinizuia nisilie. Kwetu pacha aliyebaki halii, akilia anaitwa na mwenzake aliyekufa. Nilikaa kimya pale mkekani, mimi niliyekuwa na mdomo, watu wote wakilia isipokuwa mimi. Mama alivunja kibuyu mwenyewe nyuma ya nyumba. Aliniambia mara moja tu, "Ng'wanone, mwanangu, nilitaka mpone wote." Nilimjibu, "Najua, mayu." Jambo hilo hatujalizungumza tena mpaka leo hii, na sina chuki naye. Yeye hakujua. Mimi niliuona mstari ukipanda.

Kipimo changu cha mwisho kilikuwa cha mtu mzima wa afya. Sista alisema, "Mama Limi, ini lako limepona." Nilimshukuru, na leo namshukuru tena, na dereva wa lile gari, na Baba Limi aliyeniosha matapishi bila kugeuza uso. Mungu naye namshukuru, ingawa kuna siku shukrani hiyo inanikwama kooni, nisiwadanganye.

Ushauri wangu ni huu. Ukiona macho ya manjano, nenda hospitali, utolewe damu. Ukiulizwa umekunywa nini, sema, hata kama aliyekupa ni mama yako mzazi, hata kama unaona haya mpaka jasho linatoka. Na kama umekunywa na mtu, mtaje na huyo mtu.

Mimi mpaka leo kila mwaka naenda kutolewa damu. Kijana wa maabara huniuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?" Basi namweleza mpaka anachoka. Namtajia majani ya chai, namtajia panadoli, namtajia hata dawa ya mbu ya jirani. Anacheka, anasema mama huyu anaongea. Ni kweli naongea. Nilipaswa kuongea siku ile, Doto akiwa amekaa pembeni ya kitanda changu, anamenya kiazi, ananitazama.