Moto wa Kwenye Kalandriye

Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya kaunta ya depo ya mafuta ya serikali, hapa Bunia. Mbele yangu alisimama mama mukunga wa maternite moja, nyumba ya uzazi ya upande wa Fataki, na bido, dumu lake la mafuta, tupu mkononi.

"Mafuta ya taa haiko, mama," alisema karani, abakosti yake, ile suti yetu isiyo na tai, imepigwa pasi vizuri. "Lakini kalandriye iko."

Akaitandaza hiyo kalenda ya ukutani juu ya kaunta kwa mikono miwili, kama kitambaa cha altare. "Ona. Kampuni yetu ilianza na pompi tu. Sasa iko na depo mu kila region ya Zaire, iko na sehemu yake mu visima ya baharini."

Pichani mtambo mkubwa ulisimama majini, na juu yake moto mrefu.

Mama akaweka kidole juu ya ule moto. "Sitwaye," akamwita karani, yaani raia, kama tunavyoitana wote siku hizi, "huu wanapikia nini?"

"Hawapikie kitu. Ni gazi, inatoka pamoja na mafuta. Wanaiunguza tu, usiku na muchana."

"Bure?"

"Bure, mama."

Hakuondoa kidole. "Juma hii nilizalisha mapacha na kibiriti. Mukono moja inashika mutoto, ingine inashika moto."

Karani akaikunja kalandriye polepole, akampa. Mama akaichomeka kwenye mushikio wa bido, akatoka.

Kampuni imekua, sibishi, tena najivunia. Ila nyumbani kwetu mutoto akikua tunaanza kumutuma, na tunajua amekua kweli siku anaporudi na kile tulichomutuma.