Viatu Bila Vumbi Kwenye Njia ya Mutoshi

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, amalize. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa na homa wala sikuonja pombe.

Ilikuwa wakati ule wa kufukuza watu wa Kasai huku kwetu Katanga. Mimi ni mzaliwa wa Katanga, lakini bwana yangu wa ndoa, Mbuyi, karani wa mgodi, alikuwa Mkasai. Vijana walipoanza kuchoma nyumba za mtaa wetu wa Kapata nikamficha kule Mutoshi, katika stoo ya unga ya msafirishaji mmoja Mwislamu, mtu mwema. Kila siku nilimpelekea bukari, ugali wetu, na mboga. Majirani niliwaambia namwuguza shangazi. Wangemwona Mbuyi, wangemuua.

Mambo ya kufuatwa niliyajua. Yaya yangu Musenge, kaka yangu mkubwa, alikuwa mlinzi wa mgodi asiyevaa uniforme ya kazi, kazi yake kuwafuata wezi wa shaba. Alinifundisha: mtu anayekufuata atabadili shati, atabadili kofia, viatu habadili. Basi nilitembea nikivizia viatu nyuma yangu.

Siku ile nikaona viatu vyeusi. Nikapita sokoni, vipo. Nikainama, vikasimama. Na niamini, kiangazi kile vumbi jekundu lilituingia mpaka kwenye meno, lakini viatu vile vilikuwa safi kama vya harusi. Nikainua macho. Musenge. Musenge tuliyemzika mwaka uliopita, na viatu vile vile miguuni. Wewe ungefanya nini?

Alikuwa akiniita Mama tangu utoto, maana nina jina la mama yetu.

«Mama, haiko mi. Mwenye kukufuata iko mbele yako.»

Mbele palikuwa na nani? Feza tu, jirani yangu, mwenzangu wa kuimba korali kanisani, amekaa njia panda na beseni lake la mikate. Juzi aliuzia kwenye robine ya kutekea maji, jana karibu na reli, leo pale. Akaniuliza nimepika nini. Nikajibu lengalenga, majani yale yale ya kila siku.

«Tena? Uyo mugonjwa wako, ndugu, utamugeuza mbuzi.»

Nikacheka kwa woga, kisha nikakimbia moja kwa moja hadi stoo, bila kuzunguka kama siku zote. Nilikuwa namkimbia ndugu yangu Musenge.

Feza hakuhitaji kuja nyuma yangu. Alitangulia njia panda moja, akaona nashika wapi, kesho yake akatangulia nyingine. Kutoka ile ya mwisho, mlango wa stoo ulionekana. Bwana yake Kabwe, aliyeitamani nyumba yetu ya kampuni, alifika na vijana wenye mapanga kabla Mbuyi hajanawa mikono. Walimpiga, wakamsukuma kwenye behewa la mizigo la treni ya kwenda Kasai. Kwenye stesheni ya Tenke wakateremsha maiti yake.

Kabwe na Feza wanalala chumbani mwetu mpaka leo. Musenge hajarudi. Nimekwenda kaburini, nimemwomba, nimemtukana hata.

Wewe unayesoma, maiti akikuita njiani, simama umsikilize. Maiti hana haja na nyumba ya mtu.