Nilivyochagua kalibre 20 kwa kwale na kanga hapa Kindu, na jinsi namba hiyo ilivyotaka kutuzika mara mbili

Wakuu, amani kwenu wote, pamoja na akina mama mnaosoma kimya kimya bila kuchangia. Nawaona.

Naandika kutoka Kindu, Maniema. Mimi ni mwanamke, nina mume, nina wajukuu, na nina bunduki. Kibali ninacho. Nasema mapema ili wale wa "mama na bunduki wapi na wapi" waulize, wamalize, tuendelee.

Chumvi sitatia. Mambo ya huku huja yakiwa tayari na chumvi yake.

Kuna mwenzetu aliuliza humu achukue shotgun gani kwa ndege wa porini na kwa zile sahani za udongo za kurushwa hewani. Nikasoma majibu. Karibu kila aliyejibu alisema: chukua 12, hizo ndogo ni za watoto. Nilicheka mpaka mume wangu akauliza kama nimerithi kitu.

Basi nimefungua uzi.

Kwanza, kwa wasiojua: namba za shotgun zinakwenda kinyume. Zamani walichukua ratili moja ya madini ya risasi, wakaiyeyusha, wakafinyanga golori zinazoenea mdomo wa bunduki. Zikitoka golori kumi na mbili, hiyo ni kalibre 12. Zikitoka ishirini, maana yake kila golori ni ndogo, kwa hiyo mdomo ni mwembamba. Hiyo ndiyo 20.

Namba kubwa, bunduki ndogo. Shikeni hilo. Kuna watu hawakulishika, na ndiyo habari yenyewe.

Wakati wa vita tulikuwa Tunda, upande wa Kibombo, kwao mume wangu. Nitamwita Baba Amina. Alikuwa na shotgun ya kalibre 20 aliyoachiwa na mfanyabiashara mmoja aliyefunga duka na kuondoka. Alikuwa anapigia kwale, tunakula.

Jirani yetu, Baba Sefu, yeye alikuwa na 12.

Watu wenye silaha walikuwa wanapita. Siwataji, walikuwa makundi mengi, na kila kundi lilikuja kutukomboa kutoka kwa waliotukomboa juzi. Kila ukombozi ulikula mbuzi.

Kundi moja likasikia habari ya 12. Likamchukua Baba Sefu na bunduki yake, likasema linaazima vyote viwili. Mkewe alimpikia siku nyingi, akimwekea sahani na kuifunika. Hakurudi mpaka leo. Hapo sina utani, wakuu.

Baba Amina akapandisha ile 20 darini, akanyamaza.

Asiyenyamaza ni mdogo wake, shemeji yangu Mulamba. Mulamba ana moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Siku hiyo alikuwa kilabuni, watu wanasema kwamba bunduki kubwa kuliko zote za Tunda imeondoka na Baba Sefu. Mulamba akaona ukoo wetu unadharauliwa.

"Ile ilikuwa douze tu! Yaya yangu iko na vingt!"

Yaya ni kaka, douze ni kumi na mbili. Vingt, ishirini. Masikio yaliyokuwa kilabuni yakafanya hesabu yao.

Asubuhi yake nyumba yetu ilikuwa imezungukwa. Walikuja na bunduki kubwa ya kubebwa na watu wawili, wakaiweka kwenye bustani yangu ya lengalenga, yaani mchicha. Wengine walikuwa wanatembea wameinama kama vile ndani tumefuga ndege ya kivita.

Komanda wao akasimama mlangoni.

"Piga magoti! Kanoni iko wapi?"

"Kanoni gani, mukubwa?" akauliza Baba Amina, maana mzinga hatukuwa nao.

"Kalibre vingt. Usicheze na miye. Tunajua yote."

Baba Amina akaishusha darini. Komanda akaipokea, akaigeuza, akaipima kwa mkono, kisha akachungulia nyuma ya Baba Amina akingoja sehemu iliyobaki.

"Hii njo mutoto," akasema. "Mama yake iko wapi?"

Umewahi kumweleza mtu mwenye silaha kwamba ishirini ni ndogo kuliko kumi na mbili? Usijaribu. Baba Amina alijaribu. Alieleza vizuri tu, ratili na golori, mpaka komanda akaona anadharauliwa mbele ya watu wake.

"Unaona miye sikusoma?"

Akamwekea bastola shingoni.

Nilikuwa nimembeba Amina mgongoni. Maji moto yalinishuka miguuni, na sijui mpaka leo kama yalikuwa ya mtoto au yangu. Lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mukubwa, ipigeni muone. Kama ni kanoni, nyumba itaanguka."

Akafikiri. Akatafuta cha kupiga. Macho yake yakatua kwenye sahani zangu.

Wakuu, sahani zile nilipewa na mama yangu siku ya ndoa. Za kauri, za maua ya bluu. Nilikuwa nimekimbia nazo kichwani mara mbili, na hazijapata hata ufa.

"Tupa juu," akaniambia.

Nikatupa. Baba Amina akapiga, sahani ikawa unga hewani. Pigo zuri sana, na roho iliniuma sana.

Komanda hakushtuka. "Sahani hata ikianguka tu inavunjika. Piga mulango."

Baba Amina akapiga mlango wetu wa mbao kutoka upande wa pili wa uwanja. Chembe za risasi zikadonoa mbao kama kuku wanavyodonoa mchele. Askari mmoja akaenda akapapasa, akageuka anacheka. "Komanda, hii ni ya ndege."

Kile kicheko nakipenda mpaka leo.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini komanda akatamani na yeye apige sahani.

Nikatupa. Akapiga, akakosa, chembe zikaenda kwenye migomba. Sahani ikaanguka kwenye uwanja mgumu, ikapasuka.

"Imepigwa!" wakapiga kelele askari wote.

Komanda akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetegemea hivyo. Nikatupa nyingine. Akakosa. Ikapasuka chini. "Imepigwa!" Nyingine. "Imepigwa!" Mama yangu alikuwa anaishia vipande vipande, na mimi ndiye mrushaji.

Moja ikaangukia kwenye nyasi, ikatulia, nzima kabisa. Watu wote wakaitazama ile sahani. Komanda akaitazama. Kisha askari mmoja mwenye akili akaisogelea polepole, akaikanyaga kwa buti.

"Imepigwa!"

Kartushi, zile risasi zake, zikaisha. Akadai zingine, hazikuwepo. Akawauliza watu wake, wao walikuwa na za kila aina ya kuua mtu, lakini ya kuua kwale hawakuwa nayo. Pale Tunda, vita ile, nani angeleta kartushi ya 20?

Akamrudishia Baba Amina bunduki. "Bila chakula yake, hii ni fimbo tu."

Wakaondoka. Na mbuzi, bila shaka.

Mume wangu alibaki hai kwa sababu bunduki yake ilikuwa ndogo mno kuibiwa. Nilikaa chini katikati ya vipande nikalia, naye akakaa karibu yangu, akawa anaviokota.

Mulamba akatokea kwenye migomba, ana majani kichwani. "Mumeona? Nilisema bunduki ya yaya iko na heshima."

Haya. Vita vikapita. Ile bunduki ililiwa na kutu, tukaikabidhi wakati silaha zinakusanywa. Tukarudi Kindu. Sasa nina shamba la mpunga na karanga njia ya Kalima, na kwale na kanga (ndege, si nguo) wanafukua mbegu zangu kabla hazijajua kwamba zimepandwa.

Macho ya Baba Amina yameingia ukungu. Kwa hiyo mwindaji wa nyumba ni mimi.

Kuchagua, nilichagua kwa bega. Nilijaribu 12 ya jirani. Bega lilikaa bluu, na kwale niliyempiga karibu, nilichookota ni manyoya na majuto. Nikajaribu 16. Tamu, lakini kartushi zake huku ni hadithi. Nikajaribu ile nyembamba kabisa, 410. Nyepesi kama mwiko, ila chembe zake ni chache. Inafaa watu wasiokosa, na mimi nakosa.

Ikabaki 20. Unatembea nayo asubuhi nzima bila kuichukia. Haikupigi teke. Chembe zinatosha hata kwa kanga, ambaye ni ndege mwenye koti gumu, ukitumia chembe kubwa kidogo na ukiwa na subira ya kumsogelea. Kwa kwale na kwa sahani, chembe ndogo.

Shida ni moja: kartushi zake bado ni za kutafuta. Nazitunza kama mayai.

Sasa, shemeji Mulamba. Siku hizi anakaa mtaa wa Kasuku, hapa hapa Kindu, ana suti, na ni prezida wa klabu ya kulenga sahani. Wanachama ni mashefu, yaani wakubwa wa ofisini, na wafanyabiashara. Sahani zao za udongo huja kwa treni, na mpaka sasa aliyevunja nyingi kuliko wanachama wote ni treni.

Siku ya mazoezi hutangazwa redioni, watu wasikimbie. Hata hivyo, siku moja mlio wa kwanza ulipolia, mama mmoja alipita mbio na sufuria kichwani, ameelekea mtoni. Wanachama walicheka. Mimi nilimkimbilia, nikamshika mkono, nikamwambia ni michezo tu. Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Nilikuwa nimekwenda kunyoosha mkono. Baba Amina alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Mulamba alipoona bunduki yangu akaguna. Siku hizi amejifunza kwamba 20 ni ndogo, kwa hiyo anaidharau.

"Shemeji, hiyo ni ya kufukuza nzi. Angalia 12 inavyofanya kazi."

Nikaweka kartushi zangu za manjano mezani. Zake nyekundu zilikuwa hapo hapo. Akawa anawahutubia wanachama, uso kwao, mkono nyuma unapapasa meza. Akapakia bila kutazama, akafunga, akaita. Sahani ikaruka.

Kla.

Hakuna mlio. Akafungua bunduki, akaona mahali pa kartushi ni patupu. "Ah, nilisahau kuweka." Wanachama wakacheka kwa adabu. Akachukua nyekundu.

Hapo ndipo nikaona kartushi zangu mezani zimepungua moja.

"Shemeji, rudisha yangu!"

"Yako gani?"

"Ya manjano! Umeiweka ndani ya bunduki yako!"

"Haiko! Unaona haiko!" Akatikisa bunduki, hakikutoka kitu. Akataka kupakia. Nikashika mtutu kwa mikono miwili.

"Mama Amina, mbele ya wanachama?"

"Hata mbele ya gavana. Nataka yangu!"

Baba Amina akasema kutoka kitini, "Mulamba, mupatie yake, tutalala hapa."

Mzee Ramazani, askari jandarma mstaafu anayesimamia usalama pale, akaja kututenganisha. Akaichukua ile bunduki, akaielekeza mbinguni, akachungulia mtutuni.

Hakuona mwanga. Akakaa chini.

Akaomba fimbo ya kusafishia, akasukuma kutoka mbele. Kartushi yangu ya manjano ikatoka.

Akaeleza polepole. Ya 20 ni nyembamba, ukiiweka kwenye 12 inateleza mbele na kunasa ndani ya mtutu. Ukidhani ni tupu, ukaweka nyekundu nyuma yake na kupiga, mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto unaposhika, uso ukiwa juu yake.

Mulamba akautazama mkono wake wa kushoto. Wanachama wakaanza kurudisha viti nyuma, kimoja kimoja.

Msinisifu, wakuu. Nilitaka kartushi yangu tu.

Baba Amina akainuka, akaja kwa kupapasa, akaushika mkono wa mdogo wake. Kwa kuwa haoni vizuri, akapitisha kidole kimoja baada ya kingine mpaka akaridhika kwamba vyote viko. Kisha akamzaba kofi la kisogo. Mulamba, prezida, na suti yake, akasema, "Asante, yaya."

Nilidhani amejifunza. Kesho yake nikiwa soko la Kasuku, motard mmoja, dereva wa pikipiki, akanisimamisha.

"Mama, ni kweli bunduki ya Mzee Mulamba iko na nguvu mpaka inameza vingt nzima?"

Mafunzo yangu ni haya. Kalibre ndogo inatosha kabisa kwa kwale, kanga na sahani. Chagua kwa ajili ya ndege unayemfuata, si kwa ajili ya watu unaotaka wakuogope. Kartushi za 12 na 20 zisikae meza moja wala mfuko mmoja, hata kwa dakika moja. Bunduki ikilia kla, fungua, chungulia mtutu mzima, ndipo upakie. Na kama una shemeji mwenye mdomo, mfiche namba zote.

Mwenye uzoefu wa kalibre 28 aje atuambie, hiyo sijaigusa. Anayejua namna ya kulainisha nyama ya kanga mzee bila kumaliza mkaa wote wa nyumba, naye aje. Na wale wa "12 njo ya wanaume", karibuni sana, ila mje na picha ya bega.